Pora au Tembe? Kumjua Kifaranga wa Uani Kabla Hajawika

Swali la wafugaji wa uani hapa Malindi huwa lile lile: nina vifaranga kumi na wawili, wametimiza wiki tano, majike ni wangapi? Jibu la haraka wanalopewa ni "tazama undu", yaani ile nyama ya utosini. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza. Undu wa kienyeji mwenye upanga mmoja hukwambia mengi ikifika wiki ya sita. Undu wa kuchi, yule kuku mrefu wa ukoo wa kupigana, waweza kuutazama hata mwezi wa tatu usikwambie kitu. Na kwa Isa Brown, kuku wa mayai wa makampuni, huna haja ya kungoja undu kabisa, maana jinsia yake ilionekana kwenye rangi siku aliyototolewa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni dume au jike, uliza ni kuku gani. Ukishaijua mbegu ndipo utakapojua dalili ipi ya kuiamini, na kwa umri upi.

Lugha yetu yenyewe imezipanga hatua. Kifaranga akishaachana na mama, dume huitwa pora mpaka aanze kuwika, na jike huitwa tembe mpaka atage. Baada ya hapo ni jogoo na koo. Maneno haya si ya kupuuza. Wengi hukosea kwa sababu wanazitafuta alama za jogoo kwa pora, wasipoziona wanasema ni tembe.

Nianze na mbegu, na katika mbegu nianze na miguu. Manyoya ya malaika ya kifaranga hudumu wiki chache tu, na manyoya ya kwanza yanayofuata nayo hupukutika. Rangi ya wiki ya pili yaweza isiwe rangi ya mwezi wa tano. Mguu haugeuki upesi hivyo. Uoshe kwa maji, upanguse, uutazame kivulini: ni wa manjano, ni mweupe wenye wekundu kwa mbali, ni wa kijivu, au ni wa kijani kilichopauka? Isa Brown, Sasso na broila kwa kawaida wana miguu ya manjano. Ukikuta miguu ya kijivu au myeusi kwenye kundi uliloambiwa ni Isa Brown, jua hao sio.

Lakini hapa pwani pana mtego. Kuku hatengenezi manjano hiyo mwilini mwake, huipata kwenye chakula, hasa mahindi ya manjano na majani mabichi. Sisi tunalisha mahindi meupe, pumba, na machicha ya nazi. Kifaranga wa Sasso aliyekua kwa machicha atakuwa na miguu iliyofifia hata ukadhani ni ya asili. Ukiwa na shaka, mpe mchicha au majani ya mlonge kila siku kwa wiki tatu hivi, umtazame tena. Mguu wa manjano uliofifia utarudi kupata rangi. Mguu mweupe wa asili utabaki mweupe. Na machicha hayo hayo yana hasara nyingine: hujaza mfuko wa chakula shingoni bila kumpa kuku protini ya kutosha, na asiyepata protini huchelewa kuota manyoya. Tutalirudia hili kwenye jinsia, kwa kuwa linaharibu hesabu huko pia.

Hesabu na vidole. Kuku wengi wana vidole vinne kila mguu. Ukikuta vitano, kuna damu ya kuku wa mapambo, mara nyingi Silkie. Manyoya yakiteremka mpaka kwenye vidole, fikiria Brahma au ndugu zake.

Kisha undu, lakini kwa sasa tazama umbo lake tu, usijali rangi. Upanga mmoja ni ule uliosimama wima wenye meno. Kuna undu wa mistari mitatu iliyolala chini, kama kunde zilizopangwa safu tatu, ule wa kati umepanda kidogo. Na kuna undu mpana uliolala, wenye vipelevipele. Umbo hili huonekana tangu siku ya kwanza ukimweka kifaranga kwenye mwanga mzuri na kupangua manyoya ya juu ya mdomo kwa ncha ya kidole: mstari mmoja mwembamba, au kitu kipana kilicholala. Andika ulichokiona, kitakufaa baadaye.

Sasa neno juu ya kishingo na kidimu, maana watu huzitaja kama mbegu. Si mbegu. Kishingo ni kuku yeyote aliyerithi jeni ya shingo tupu, na hata baadhi ya aina za Sasso zinayo, kwa hiyo shingo tupu peke yake haithibitishi ukienyeji. Hujulikana tangu anapototolewa. Ukiona shingo tupu lakini pana kifundo cha manyoya mbele, juu ya mfuko wa chakula, huyo alirithi kwa mzazi mmoja tu. Shingo ikiwa tupu kabisa, amerithi kwa wote wawili. Kidimu naye, yule wa manyoya yaliyojipinda kurudi nyuma, hajulikani siku ya kwanza. Ngoja manyoya ya bawa yatoke, ndipo utakapoyaona yamepinda. Usimpandishe jogoo kidimu kwa koo kidimu: wale wanaorithi pande zote mbili hutoka na manyoya yanayokatika, wakabaki nusu uchi. Kishingo kwa joto letu la kaskazi ni kuku mzuri sana, hupoza mwili kuliko wenzake, na inasikitisha kuona watu wakimdharau sokoni kwa sura yake.

Kuchi ni habari nyingine. Huyu ndiye kuku ambaye watu wa Lamu humtafuta na kumlipia, na ndiye anayeuzwa kwa udanganyifu zaidi, kwa sababu kila pora mrefu wa miguu siku hizi ameitwa kuchi. Uchunguzi wa vinasaba umemkuta ana ukoo na kuku wa kupigana wa Asia ya Mashariki, akiwemo Shamo wa Japani, na ukimtazama umbo utaamini. Husimama wima, mabega juu na mkia chini. Shingo ndefu, kichwa kipana, paji la uso limejitokeza juu ya jicho, mdomo mfupi mnene uliopinda. Manyoya ni machache na yamebana mwili, mpaka ngozi nyekundu ya kifuani hutokeza. Undu ni mdogo, umelala, hauna upanga.

Kwa kifaranga, alama hizo zote bado hazijaja. Tazama vitu vitatu: undu uliolala tangu siku ya kwanza, mguu mnene kuliko wa wenzake wa umri ule ule, na upana wa fuvu baina ya macho mawili. Kifaranga mwenye upanga mmoja wa wima si kuchi safi, hata kama baba yake ni jogoo la kimo gani. Ila usigeuze hoja hiyo kichwa chini: undu uliolala peke yake hauthibitishi kuchi, kwa kuwa una nguvu ya kurithiwa na chotara huutoa vile vile. Ukinunua, omba uwaone baba na mama, wote wawili. Muuzaji wa kuchi wa kweli hujivunia kukuonyesha.

Waliobaki ni kuku wa kununua vifaranga: Kuroiler kutoka India, Rainbow Rooster naye wa India, Sasso wa Ufaransa, na kienyeji kilichoboreshwa na KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo. Sasso wengi wana manyoya mekundu ya hudhurungi, lakini hao wengine hutoka rangi mchanganyiko, na wiki za kwanza hakuna jicho linaloweza kuwatenganisha kwa uhakika. Hapa karatasi ndiyo shahidi: risiti ya kituo cha kutotoleshea na kadi ya chanjo. Jihadhari na kundi la vifaranga wa manjano iliyopauka, wembamba wa miguu, wanaouzwa kwa bei ya chini kwa jina la kienyeji bora. Hao mara nyingi ni madume ya kuku wa mayai. Watakula miezi, wasinenepe, na wala hutapata yai. Broila hana shida kumjua: kifua kipana, miguu minene iliyotanuka, na ifikapo wiki ya sita anakaribia kilo mbili, wakati kienyeji wa umri huo hajafika nusu kilo.

Tuje kwenye jinsia.

Kwanza niondoe yasiyofaa. Kuning'iniza sindano juu ya kifaranga, kumshika ngozi ya shingo kuona kama atakunja miguu, kuchagua mayai ya ncha kali kwa madume na ya mviringo kwa majike: hakuna hata moja linalofanya kazi. Kwa kuku, mama ndiye mwenye kuamua jinsia. Dume ana kromosomu mbili za Z, jike ana Z moja na W moja. Kiini cha yai huwa kimeshachukua Z au W ya mama kabla ganda halijaanza kujengwa, basi umbo la ganda halina habari yoyote ya kutoa.

Kumfungua kinyeo na kutazama kiungo cha ndani kunawezekana. Ni ufundi ulioanzia kwa wataalamu wa Japani miaka ya 1920, na watu hujifunza kwa muda mrefu. Hufanywa ndani ya siku ya kwanza hivi, na tofauti yenyewe ni ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Asiyefundishwa hubana tumbo lenye kiini ambacho bado hakijamalizika kunyonywa, akamuumiza kifaranga au akamuua. Nyumbani usifanye.

Manyoya ya bawa nayo yamezungumzwa sana. Utasikia: fungua bawa siku ya kwanza, ukiona manyoya ya safu ya chini ni marefu kuliko yale ya juu yanayoyafunika, ni jike; yakiwa sawa, au ya juu yakiwa marefu zaidi, ni dume. Ni kweli, lakini kwa vifaranga wa makampuni tu, ambao baba amechaguliwa wa kuota manyoya haraka na mama wa kuota polepole. Mwenye kuku wa kienyeji hajapanga wazazi hivyo. Bawa la kienyeji litakwambia nani huota haraka na nani polepole, basi. Hata kwa hao wa makampuni, ikipita siku ya tatu tofauti imefutika.

Rangi ndiyo njia ya uhakika kabisa, pale inapokuwepo. Isa Brown na Lohmann Brown hutokana na baba wa rangi ya dhahabu na mama wa fedha, na siku ya kwanza majike ni ya hudhurungi, madume ya manjano iliyopauka. Na kuna njia ambayo unaweza kuitengeneza wewe mwenyewe uani, na natamani watu wengi zaidi wangeijaribu. Tafuta koo wa mistari, wale wenye miraba myembamba myeusi na myeupe mwili mzima. Mpandishe kwa jogoo mwekundu au mweusi asiye na mstari hata mmoja na asiye mweupe. Vifaranga watakaotoka weusi, watazame utosini: mwenye doa jeupe au la manjano ni dume, mwenye kichwa cheusi kitupu ni jike. Sababu ni ile ile ya Z na W. Jeni ya mistari imekaa kwenye Z. Mama ana Z moja tu, naye huwapa wanawe wa kiume. Binti humpa W, kwa hiyo binti hapati mistari ya mama.

Inapoharibika ni hapa. Ukigeuza, jogoo akawa wa mistari na koo asiwe nayo, vifaranga wote watapata doa na hutajua kitu. Ukiwapandisha hao chotara wenyewe kwa wenyewe, mistari itatokea kwa madume na majike ovyo. Kila mara inabidi urudi kwa koo wa mistari na jogoo asiye nayo. Na kama mama mwenyewe ana damu ya rangi nyingine, baadhi ya vifaranga watatoka na malaika ya rangi nyepesi isiyoonyesha doa. Hao waache mpaka wakue.

Kwa kuku wengine wote ni kungoja na kulinganisha. Kulinganisha ndilo neno kuu: kifaranga mmoja peke yake hasomeki, kumi wa siku moja husomeka. Kama umechanganya vifaranga waliopishana wiki mbili, yule mkubwa ataonekana pora kwa ukubwa wake tu. Mfunge kila mmoja uzi wa pamba wa rangi mguuni, uwe legevu kiasi cha kupitisha njiti ya kiberiti, na uulegeze kila wiki mbili la sivyo utakata ngozi. Watazame asubuhi mapema kabla ya chakula, kivulini. Jua la saa sita huwafanya wote waonekane wekundu, na aliyetoka kukimbizwa naye hugeuka mwekundu kwa muda. Piga picha kwa simu, upande mmoja, siku ile ile ya wiki.

Wiki ya tatu na ya nne, majike mara nyingi huwa yamefunika mgongo na mkia, madume yakiwa na mkia mfupi uliochongoka na mabega matupu. Hii ni dalili dhaifu, na aliyelishwa machicha bila dagaa wala mchwa huiharibu kabisa. Wiki ya tano mpaka ya nane, kwa wale wa upanga mmoja, undu wa pora hunenepa na kuwa mwekundu, na ndevu za nyama chini ya mdomo huanza kutokeza. Wa tembe hubaki mdogo wa manjano au wa waridi iliyopauka. Tazama na miguu: ya pora ni minene na vidole ni virefu. Kwa wale wa rangi ya asili, hudhurungi yenye miraba mgongoni, pora huanza kuota manyoya meusi kifuani, tembe kifua chake huwa cha rangi ya udongo mwekundu. Chochote chenye kiraka chekundu kilichokolea begani wakati mwili mwingine ni wa rangi tofauti, mimi humhesabu pora bila wasiwasi.

Ndui hutuharibia kazi sana nyakati za mvua, mbu wakizidi. Magamba meusi juu ya undu hufanya usijue ukubwa wala rangi yake. Minyoo na kuhara damu nako humpausha pora hata akafanana na tembe. Kuku mgonjwa usimhukumu jinsia. Mtibu, ungoje wiki tatu.

Ukorofi nao si dalili. Kwa kuchi hasa, tembe hupigana kifua kwa kifua kama mapora. Kuwika kunathibitisha, lakini wengine huanza wiki ya saba na wengine hungoja mwezi wa nne, kwa hiyo kimya hakithibitishi kitu. Mwiba wa mguuni huchelewa mno kukusaidia, na koo mzee anaweza kuuota vile vile.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni manyoya ya kiuno, yale yaliyo mbele ya mkia yakiteremka pande mbili. Kuanzia wiki ya kumi mpaka ya kumi na sita, pora huota hapo manyoya membamba, marefu, yenye ncha kali na ya kung'aa. Ya tembe yana ncha ya mviringo. Mshike, yalaze manyoya kwa kiganja, inua moja moja dhidi ya mwanga. Moja tu lenye ncha kali, jipya, latosha. Kwa kishingo, ambaye hana manyoya ya shingo ya kutazama, na kwa kuchi, ambaye undu wake ni bubu, hapa ndipo pa kwenda moja kwa moja. Kidimu atakutatiza kwa kuwa ncha zimejipinda. Linyooshe unyoya kwa vidole viwili ndipo uone.

Kosa la mwisho hutokea karibu na sherehe, watu wanapochagua wa kuchinja. Tembe anayekaribia kutaga, wiki ya kumi na nane au ishirini kwa kuku wa mayai, miezi sita au saba kwa kienyeji, undu wake hugeuka mwekundu ghafla. Mwenye nyumba aliyekuwa akimhesabu tembe husema, kumbe huyu pora, na anashikwa. Mgeuze kwanza. Tazama manyoya ya kiuno kama yana ncha ya mviringo, kisha weka vidole baina ya mifupa miwili iliyo chini ya kinyeo. Vikiingia viwili na mifupa inalegea, yai la kwanza liko njiani. Mrudishe bandani, umtilie nyasi kavu kwenye pembe yenye giza.